Herufi za Mkiani

Ukucha wa Tata Nkulu ulitelemka polepole juu ya chuma cha mguu wa ndege, ukafika mahali, ukanasa. Akaurudisha nyuma, akautelemsha tena. Ukanasa palepale. Alikuwa amelala chali kwenye lami ya kiwanja cha ndege cha Kolwezi, saa tatu asubuhi, vumbi jekundu la Septemba limemjaa kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni yake, nimeinua juu orodha ya abiria ili isichafuke.

"Tina," aliniambia bila kugeuza kichwa, "muambie huyu kapiteni iko mupasuko. Ndege haitoke leo."

Abiria kumi na saba walikuwa wamesimama kivulini kwenye ukuta wa jengo, wahandisi wa mgodi na mabosi wao, kila mmoja na kikombe cha kahawa. Rubani alikuwa Mwafrika Kusini, mtu mpole, asiyejua Kifaransa wala Kiswahili. Tata Nkulu, fundi wetu tuliyemwita hivyo kwa heshima ya baba, hakujua Kiingereza. Kati yao nilikuwa mimi tu. Kiingereza nilikipata Fungurume, nilikofanya kazi ya ukalimani kambini kwa miaka minne, na kwa ajili ya Kiingereza hicho kampuni yetu ndogo ya ndege iliniajiri kuwa mkuu wa kituo cha Kolwezi.

Kabla sijasema nilimwambia nini rubani, lazima nieleze ndege ile ilikuwa ya nani.

Ilikuja mwezi wa Machi mwaka huohuo, 2018, nyeupe, ya pangaboi mbili, viti kumi na tisa. Tulitoka sote kuipokea: wapakiaji, mtu wa mafuta, Mamie wa tiketi, na Tata Nkulu, fundi aliyekuwa na leseni ya nchi yetu kwa miaka ishirini na sita. Yeye hakutazama injini kwanza. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akasoma herufi za mkiani, akaniita. Akauliza kwa nini ndege ya Kolwezi haikuandikwa herufi za Kongo.

Nilikuwa nimeusoma mkataba, na nilijivuna kidogo kwa kuusoma. Nikamweleza kwamba ndege haikuwa yetu. Tuliikodi kwa kampuni moja ya Ireland, na mwenye ndege ndiye anayechagua iandikishwe nchi gani. Yeye aliiandikisha San Marino, nchi ndogo juu ya mlima katikati ya Italia, ambayo haina hata kiwanja cha ndege za abiria. Tata Nkulu akacheka. Nikaendelea. Mwenye ndege anataka daftari la usajili la nchi ambayo benki yake na watu wake wa bima wanaiamini, ili siku mkataba ukiisha, au pakitokea ugomvi, aweze kuichukua ndege yake kwa karatasi moja badala ya kukaa miaka mahakamani katika nchi asiyoijua. Anataka kumbukumbu za matengenezo zitakazokubaliwa popote, maana baada yetu ndege itakodishwa kwa wengine, Asia au Amerika. Tena abiria wetu walikuwa watu wa migodi, na bima zao hazikuwaruhusu kupanda ndege iliyo chini ya ukaguzi wa nchi yetu.

"Kumbe ndege nayo iko na karte ya uchaguzi," alisema Tata Nkulu, na wapakiaji wakacheka, kwa sababu kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo inayoonyesha mtu ni wa wapi.

Kisha nikamwambia lililobaki, na hapo hakucheka. Kwa kuwa ndege ilikuwa ya daftari la nje, leseni yake haikuwa na nguvu juu yake. Angeweza kuifungua na kuifunga, kuipaka grisi, kuikagua kila asubuhi, lakini kitabu cha ndege kingesainiwa na fundi aliyeidhinishwa huko. Huyo alikuwa Louis, naye Mwafrika Kusini, aliyekuja Kolwezi mara moja kila baada ya wiki mbili. Tata Nkulu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba chuma hakisomi karatasi, akaenda kufungua sanduku la vifaa vyake.

Sababu zile zote zilikuwa za kweli. Hata leo nikiulizwa nitazitaja vilevile. Wenye ndege duniani kote hufanya hivyo, na sioni ubaya wao. Ubaya ninaousimulia ni wangu.

Tata Nkulu hakuwa mtu wa kazini tu kwangu. Mimi ni Tina Mianda, Mkasai niliyezaliwa Kolwezi na baba aliyezaliwa Kolwezi. Babu yangu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Mwaka 1993, nilipokuwa na miaka saba, wanasiasa wa Katanga na vijana wao walituambia sisi Wakasai: rudini kwenu. Kwetu ni wapi, hakuna aliyemwuliza mtoto. Tulikaa miezi mitatu kwenye kituo cha treni pamoja na maelfu ya wengine, chini ya maturubai, tukingoja mabehewa. Watu walikufa pale kwa kuhara, na ndugu yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Mke wa Tata Nkulu, Mama Valérie, alikuja kila baada ya siku moja na sufuria ya bukari, ugali wetu, ameifunika kwa nguo chafu, kana kwamba anakwenda kufua, akipita katikati ya vijana waliokuwa wakizuia watu wasitusaidie. Wao ni Waluba wa kaskazini ya Katanga. Walikuwa wenyeji, si wa kufukuzwa kama sisi, na angekamatwa angeitwa msaliti. Tuliporudi baada ya miaka sita, Tata Nkulu ndiye aliyemtafutia baba kazi ya ulinzi pale kiwanjani. Na kazi yangu ya Fungurume ilipokwisha, ndiye aliyenishika mkono mpaka kwa mkurugenzi wetu, François, akasema: huyu ni mtoto wangu.

Hayo yote niliyajua asubuhi ile nikiwa nimechuchumaa chini ya bawa.

Nilijua na mengine. Kulipokucha tu François alikuwa amenipigia simu kutoka Lubumbashi. Katika wale abiria kumi na saba walikuwemo watatu waliokuwa wanakwenda kutia saini, mchana huohuo, mkataba wa kusafirisha watu wa mgodi wao kwa miaka miwili. Ndege isichelewe hata dakika kumi, alisema. Mambo yakienda vizuri, kituo cha Lubumbashi ni chako. Nilikuwa nimekwisha kumwambia dada yangu aanze kunitafutia nyumba.

Rubani akaniuliza fundi anasema nini.

Nilisema mkwaruzo. Nilisema ni mkwaruzo wa rangi, fundi anataka tu ujue. Neno la Kiingereza la ufa nilikuwa nalo mdomoni, lilikuwa jepesi kama lile jingine, tena fupi zaidi. Nilichagua.

Rubani aliinama, akaweka mikono kwenye magoti, akatazama. Jua lilikuwa upande wa pili na mguu wa ndege ulikuwa na vumbi na grisi. Akatazama kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Halafu akainuka, akamtikisia kichwa Tata Nkulu kwa adabu, akaenda kuwaita abiria.

Tata Nkulu alimsoma usoni. Mtu aliyeambiwa mguu wa ndege yake una ufa hainuki hivyo.

Aliniuliza nimemwambia nini. Nikajibu nimemwambia ulichosema. Akatoka chini ya bawa, akasimama, akanyoosha mkono akiomba kitabu cha ndege aandike mwenyewe, kwa Kifaransa chake, na saini yake. Nilikuwa nimekibana kifuani pamoja na orodha ya abiria. Sikumpa. Gradi, kijana wetu wa usafi na mizigo, aliyekuwa akishikilia ngazi, alikuwa anatutazama. Wapakiaji walikuwa wameacha mizigo. Abiria walikwisha kuanza kuja. Niliona lazima nimalize jambo lile kwa neno moja, na nikalipata.

"Sinyatire yako haina kazi ku hii ndege, Tata Nkulu. Angalia ku mukia. Hii haiko ndege ya kwenu."

Nilisema kwa sauti. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na hakuna mtu kiwanjani aliyekuwa amewahi kumsemesha hivyo. Lakini hilo silo lililomfanya anitazame kwa muda mrefu vile. Ni lile neno, *kwenu*. Sisi wawili tulijua nililitoa wapi.

Alichukua kalamu yake nyekundu ya nta, akainama, akachora duara kuuzunguka ule ufa, jinsi mafundi wanavyofanya ili mwenzao akija asitafute. Kisha akajiondoa mpaka kwenye ukingo wa nyasi. Alisimama pale na kofia mkononi mpaka ndege ikaruka.

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi kwa ndege ile ni dakika arobaini na tano. Niliingia ofisini, nikafunga mlango, nikakaa chini sakafuni nyuma ya meza. Dakika ya hamsini simu ikaita: wametua. Nililia. Baada ya kulia nilinawa uso, na ni lazima niliseme na hili, nilifurahi. Kufika saa sita nilikuwa nimejishawishi kwamba mzee amekosea. Chuma kina alama nyingi. Macho yake si ya zamani. Nikampangia kazi ya jenereta kwenye banda la mwisho wa kiwanja, nikamwambia asiiguse ndege mpaka Louis aje; asubuhi marubani waliikagua wenyewe, na duara lile walidhani ni la mkwaruzo.

Siku tano ndege ile iliruka na kutua mara kumi na nne. Najua idadi kwa sababu nilikuwa nikitoka nje kila mara kutazama magurudumu.

Louis alikuja siku ya sita. Aliona lile duara jekundu kabla hajaweka sanduku lake chini. Akapuliza dawa yake ya kutafutia nyufa, akafuta, akapuliza nyingine, na ufa ukajitokeza mwekundu juu ya weupe wa dawa, mrefu kama kidole changu cha kati. Akakaa kitako chini. Akaniuliza nani aliyechora pale. Nikasema sijui, labda watu wa Lubumbashi. Alikuwa amelifuta duara kwa kitambaa na dawa ileile, na katika picha alizopiga halimo.

Ndege ilisimama siku tisa ikingoja mguu mpya. Halafu ikaja barua ya mwenye ndege. Niliitafsiri mimi, kwa ajili ya François, kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa, na safari hiyo sikubadilisha hata neno. Barua ilimpongeza Louis kwa kuokoa maisha ya watu. Ikasema tukio lile linaonyesha kwa nini ndege zao huandikishwa katika daftari la kuaminika, na kukaguliwa na mafundi waliokubaliwa huko. Ikasema ukaguzi wa kila asubuhi ulikuwa kazi ya fundi wa hapa, na katika kitabu cha ndege hakuna mstari hata mmoja alioandika kuhusu ufa. Ikaomba mtu huyo asiwe tena karibu na ndege yao.

François alikuja Kolwezi kwa gari. Alituketisha ofisini kwangu, mimi na Tata Nkulu, na barua mezani. Tata Nkulu alieleza kwa Kifaransa, taratibu, kwamba aliuona ufa ule tarehe kumi na mbili, na kwamba alimwambia rubani kwa kupitia mimi. François alikuwa na maelezo ya rubani, naye rubani aliandika kweli yake: niliambiwa ni mkwaruzo. Akanigeukia.

"Tina, Nkulu alikuambia nini siku ile?"

Nyuma ya dirisha Gradi alikuwa anafagia, na fagio lilikuwa limenyamaza. Yeye alisikia tukigombana kuhusu saini, lakini yale ya chini ya bawa hakuyasikia mtu.

"Alisema kuna mkwaruzo," nilijibu.

Nilitegemea atainuka, atanitukana, ataniita jina la kabila langu. Nadhani nilitamani hivyo, ingenipa mahali pa kushika. Tata Nkulu alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa na mafuta ya jenereta.

"Bon," alisema. "Muandike vile."

Alitia saini karatasi ya kuachishwa kazi, saini nzuri yenye mkia mrefu. Wiki iliyofuata alihama na familia yake kwenda Kasaji, kwa ndugu zake. Mwezi wa Novemba mimi nilihamia Lubumbashi, kwenye ofisi yenye kiyoyozi.

Nilikaa kwenye ofisi hiyo chini ya miaka miwili. Mwaka 2020 ugonjwa ulipofunga njia, migodi ilipunguza safari, mkataba wa kukodi ukaisha na haukuongezwa. Marubani wawili wageni walikuja asubuhi moja na karatasi moja, kama nilivyokuwa nimemweleza Tata Nkulu. Walizunguka ndege, wakajaza mafuta, wakaruka. Hakuna aliyewauliza kitu, na hapakuwa na cha kuuliza. Herufi zake za mkiani hazikubadilishwa. Nasikia iko Amerika ya Kusini. Kampuni yetu ilikufa mwaka uleule, François akarudi kwa watoto wake Kinshasa, na mimi nikarudi Kolwezi kufundisha Kiingereza kwa madereva wa malori.

Nilichelewa miaka mingine mitatu. Nilikuwa nikijiambia kwamba njia ni mbaya, nayo ni mbaya kweli.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, nilipanda lori la chumvi mpaka Kasaji. Nilimkuta Tata Nkulu nyuma ya soko, kwenye banda la mabati, akifungua mashine ya kusaga mahindi. Watu watatu na pikipiki zao walikuwa wakimngoja. Alikuwa amekonda. Alivaa miwani nzito, lakini alipotaka kuona kitu kidogo aliisukuma juu ya paji la uso, akatazama kwa macho matupu.

Alinisalimia kwa jina, akaniuliza habari za baba, nikamwambia alifariki. Akasema pole. Kisha akanipa ndoo nikae juu yake, akaendelea na kazi, na mimi nikasema. Sikusema vizuri. Nilianza na simu ya François, nikajisikia nikijitetea, nikaacha, nikaanza upya na neno lenyewe: ulisema mupasuko, nami nikamwambia mkwaruzo. Na pale ofisini nikasema uongo kwa mara ya pili, mbele yako.

"Najua," alisema Tata Nkulu. "Niliona ku uso ya kapiteni."

Alikaza nati, akailegeza, akaikaza tena. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: ufa ulikuwa umefika wapi, Louis alipoupima. Nikamwonyesha kidole changu. Akauliza ulikwenda upande gani, juu au kwa ndani. Kwa ndani, nikasema. Akauliza ilitua mara ngapi baada ya siku ile.

"Kumi na ine."

Akaweka spana chini. Akakaa na macho yamefumbwa, midomo inasogea, kama anazipitisha zile safari moja moja na watu waliokuwamo.

"Hawakukufa," alisema.

"Hawakukufa, tata."

Nilimwambia nimeandika yote kwenye karatasi, kwamba nitaipeleka kwa wakuu wa usafiri wa anga, Lubumbashi, hata Kinshasa. Aliichukua, akaisoma mpaka mwisho, akanirudishia. Leseni yake ilikuwa imekwisha muda, akasema, na yeye sasa ana miaka sitini na mitatu. Wakuu wangefanya nini nayo? Nikaikunja, nikaitia mkobani. Ndipo akagusa miwani iliyokuwa kwenye paji la uso wake.

"Hii ni Valérie alinipeleka kwa munganga ya macho. Anazani sikuona. Nilimuambia niliona, akasema, tata, haina haya, macho inazeeka." Akaishusha tena puani. "Ninaivaa sababu ya yeye. Wende umuambie yeye."

Nyumba yao ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka sokoni. Tata Nkulu hakuja nami. Alisema ana mashine ya watu. Nilimkuta Mama Valérie uani akibangua karanga, mnene kuliko nilivyomkumbuka, nywele zote nyeupe. Alinitambua kabla sijapita langoni. Alinyanyuka, akafungua mikono, akasema mutoto yangu, na mimi nikarudi nyuma hatua moja ili asinikumbatie kabla hajajua.

Nilisimama katikati ya ua, nikamwambia. Alisikiliza na karanga mkononi. Alirudi akakaa, akapepeta maganda kwenye ungo kwa muda, upepo ukayachukua mpaka miguuni kwangu.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena, kwa kifupi zaidi. Akamwita binti yake Mignonne, aliyekuwa jikoni, mama wa watoto wawili sasa. Akamsimamisha mlangoni.

"Sema tena, na huyu asikie."

Nikasema mara ya tatu. Mignonne aliziba mdomo kwa kanga, akaniangalia, akaangalia upande wa soko. Mama Valérie hakulia, wala hakunipandishia sauti. Aliinua uso, akapima jua.

"Saa kumi bamama ya shirika banakuya kusali hapa," alisema, akina mama wa jumuiya yao ya kanisa. "Bote balisikia eti bwana yangu alitaka kuua batu. Utabakia."

Ilikuwa bado saa nane. Lori langu lilikuwa linaondoka saa tisa. Nilivua mkoba begani. Mignonne alileta kiti, akaacha kivuli kilichokuwepo chini ya ukingo wa paa, akakiweka mbele ya mlango, mahali ambapo kila anayeingia angeniona. Nikakaa.